Mdahlia wa Mtukufu na Bomba la Bondeni

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila silitaji. Si kwa woga. Ni kwamba jina hilo limebadilishwa mara nyingi tangu mvua za mwaka jana, na sisi wa mtaa wa Bondeni habari hutufikia zimechelewa. Nikitaja la zamani nitaonekana mpinzani. Nikitaja jipya, huenda nalo limeshakuwa la zamani. Basi tuseme nchi yetu, inatosha. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina benki kuu, ina Mtukufu, na ina bomba moja linalotoa maji.

Bomba hilo limo ndani ya Bustani ya Taifa, pembeni kabisa, karibu na geti dogo. Mabomba mengine ya mji yapo, tena yamepakwa rangi, lakini hayatoi kitu. La bustani hutoa kwa sababu limeungwa na maji ya Ikulu, na Ikulu haijawahi kukauka. Kwa hiyo sisi wanawake wa Bondeni huamka mapema tukapanga ndoo hapo. Mimi naitwa Bi Mashavu, napika uji na maandazi pale getini, na bila maji hakuna uji. Niseme mapema ili nieleweke: haya yote nayaeleza kwa sababu ya maji. Maua siyajali.

Lakini huwezi kuyaeleza maji yetu bila kupitia kwenye maua. Katika nchi yetu kila mheshimiwa ana mdahlia wake, mmea wa maua makubwa unaoota kutoka kwenye kiazi. Siku anapoapishwa hupelekwa bustanini, kiazi cha dahlia kikafukiwa mbele yake na kupewa jina lake, na kuanzia hapo mmea huo ni somo wake. Na usomo mnaujua wenyewe. Mtu hamtukani somo wake, hampigi, wala hakubali mwingine amguse. Waziri akipita mbele ya mdahlia wake huvua kofia akasema, "Somo, hujambo?" Akishikwa na mafua, mdahlia hufunikwa blanketi. Akienda ng'ambo kutibiwa jino, mdahlia nao hutiwa kwenye chungu ukapanda ndege, viti vya mbele.

Akiachishwa kazi, mdahlia hung'olewa kwanza, na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Ndiyo maana kila asubuhi magari ya serikali hupita polepole kando ya bustani, vioo vimeteremshwa kidogo, waheshimiwa wanachungulia. Wapo waliojua habari zao kwa kuona shimo. Mmoja alishuka garini akalia pale pale, nikampa uji.

Mtukufu peke yake hana mdahlia. Hauhitaji, kwa sababu bustani yote ni yake.

*

Taabu ilianza Mtukufu aliporudi kutoka ziara ya nchi jirani. Huko alionyeshwa bustani iliyojaa maua hata udongo hauonekani. Alirudi amenuna. Akasimama kwenye baraza ya Ikulu, akaitazama bustani yetu, akaona vijiti vinavyoota. Jioni tukamsikia redioni.

"Wananchi wangu! Leo nimetazama bustani yangu, nimeona udongo. Udongo! Mimi sikuikomboa nchi hii ili nitazame udongo. Siku ya Shukrani mwenzangu wa nchi jirani atakuja hapa. Nataka asimame barazani kwangu, atazame chini, aone maua tu. Bustani ikijaa, watu wa Bondeni wataendelea kuchota maji yangu. Isipojaa, nitaimwagia lami yote, na bomba lake, niegeshe magari."

Siku ya Shukrani, kwa asiyejua, ni siku ambayo wananchi tunaishukuru serikali. Kuhudhuria ni hiari, na asiyehudhuria huulizwa sababu.

Bi Kidawa alikuwa bombani na redio ndogo begani. Yeye ndiye msimamizi wa foleni yetu, mwembamba, mwenye sauti inayomaliza ugomvi kabla haujaanza. Akaizima redio akanigeukia.

"Shoga, umesikia? Maji yetu wameyafungia kwenye maua."

"Nimesikia."

"Na maua yenyewe siyo yetu."

*

Nisieleweke vibaya. Hakuna aliyekuwa hajui la kufanya. Dakta Ngwali, Waziri wetu wa Kilimo, alikaa ng'ambo miaka mingi akisomea dahlia, na wiki ileile alianza kipindi redioni kuwaelimisha wananchi. Nilikuwa nakanda unga nikimsikiliza, na lazima niseme haki, alieleza vizuri mpaka nikaacha kukanda.

"Mdahlia ukiachwa ukue utakavyo," alisema, "hukimbilia juu. Nguvu zote huenda kwenye ncha. Mwishowe unapata bua refu na ua moja. Sasa, ukishatoa majani jozi tatu au nne, shika ile ncha changa ya katikati, ifinye kwa ukucha, iondoe. Msiogope! Mmea hautakufa. Utasimama siku kadhaa kama unaofikiri. Kisha kila kwapa la jani, pale linaposhikana na bua, litatoa tawi, na kila tawi litatoa maua. Mtachelewa kidogo kuona ua la kwanza, lakini mtapata kichaka kizima."

Baada yake kwaya ya taifa ikaimba wimbo mpya uitwao "Finya Ncha, Jenga Nchi," wenye beti nyingi, na kila raia mwenye mdahlia nyumbani akaamriwa afinye kabla ya mwisho wa wiki. Nchi nzima ikawa inafinya. Watu wasio na dahlia walifinya mchicha ili wasionekane wazembe.

Ilibaki bustani tu.

*

Kamati ya Maua ilikaa kwenye banda la bustani, na mimi ndiye niliyepeleka chai. Niliyoyasikia nayaeleza kama yalivyosemwa.

Dakta Ngwali alifungua kikao kwa kurudia somo lake la redioni. Wajumbe wakapiga makofi. Kisha akauliza nani awe wa kwanza kufinywa mdahlia wake. Makofi yakakoma. Kila mmoja akavuta kikombe chake.

"Kimsingi naunga mkono," alisema Jenerali Makungu, Waziri wa Ulinzi. "Naunga mkono kabisa. Ila wa kwangu una hali maalumu. Ukiondolewa ncha, adui atasema nini? Atasema jeshi halina kichwa. Tuanze na Uvuvi."

"Kwa nini Uvuvi?" Mheshimiwa Pandu, Waziri wa Uvuvi, alikuwa na andazi mdomoni na hakungoja kulimeza. "Kila baya Uvuvi! Mlipopunguza madereva mlianza Uvuvi. Mlipotaka wa kwenda kwenye mazishi ya mbali, Uvuvi. Mimi nimeteuliwa juzi. Nikipita asubuhi nikamkuta somo wangu hana ncha, si nitazimia? Mama watoto atafunga mizigo siku hiyohiyo. Dakta, wewe ndiye mtaalamu. Finya wako tuone."

Dakta Ngwali akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa tena.

"Mimi," akasema, "ni mtu wa nadharia."

Kikao kiliendelea mpaka maandazi yakaisha, kikaahirishwa niende kukaanga mengine. Niliporudi walikuwa wameshafika mbali. Walikubaliana kwamba kukata lazima kuwepo, maana Mtukufu ameagiza na kwaya imeshaimba. Vilevile walikubaliana kwamba ncha haziguswi. Basi patakatwa pengine.

"Matawi ya chini," alisema Jenerali. "Yako mengi mno. Yanafanya kazi gani?"

"Yanakunywa tu," alisema Pandu. "Maji yakipanda yanakutana na hayo njiani, yanakunywa, ncha inaletewa mabaki. Ni wizi."

Ikapitishwa kwamba kila chipukizi la pembeni na kila tawi la chini liondolewe, katika midahlia yote, ili ncha zipate nguvu. Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Wa kwanza kunyoosha alikuwa Dakta Ngwali.

Nilikuwa nimesimama na birika, mdomo umeshafunguka. Nilitaka kusema, Dakta, si wewe uliyetuambia Jumatatu? Lakini mpika uji hana sauti kwenye kamati, basi nikammiminia chai. Naomba radhi kwa ninavyosema, lakini kitu kilichoniudhi kuliko vyote ni hicho. Wengine labda walikuwa hawaelewi. Yeye alielewa kila kitu, na mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu.

*

Midahlia ikanyooka. Haikuwa na kitu kingine cha kufanya. Kila asubuhi wafanyakazi wa bustani walipita wakitoa chochote kilichochipua chini, na kila jioni waheshimiwa walikuja na wapambe wao kulinganisha urefu. Shina la mdahlia lina uwazi ndani, likirefuka peke yake hulegea, kwa hiyo wanajeshi wakaleta miti ya kuuegemeza mmoja mmoja. Wa Jenerali ulipoupita ukuta wa bustani, Pandu alikonda kwa wasiwasi, akaomba wa kwake uhamishiwe juu ya tuta.

Maua yalipotokea, kila mmea ulitoa moja, juu kabisa, limetazama mbinguni. Ndege waliyaona vizuri sana. Sisi wa chini tuliona mabua, na kati ya mabua tuliona udongo mwingi kuliko awali, kwa sababu hata yale majani ya chini yaliyokuwa yakiufunika hayapo tena. Zikiwa zimebaki siku chache, kamati ilikutana kwa dharura, ikaagiza udongo upakwe rangi ya kijani.

Sisi bombani tulikuwa tukiyaona haya tukiwa na ndoo mkononi, hatuna la kufanya. Gari la lami lilikuwa limeshaletwa, limeegeshwa karibu na meza yangu ya uji. Dereva wake alikuwa mtu mwema, alininunulia uji kila siku, na kila siku nilitamani umkwame kooni.

Lakini pale bombani penyewe palikuwa na mdahlia mmoja. Haukupandwa na mtu. Waziri fulani alipoachishwa kazi, kiazi cha somo wake kilirushwa kwenye takataka pembeni mwa bomba, kikaota, na kwa kuwa mwenye jina hayupo tena, mmea ukawa hauna jina. Ulikunywa maji yanayomwagika ndoo zinapojaa. Siku Dakta alipotangaza redioni, Bi Kidawa aliuinamia akaukagua.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Redio imesema kila raia. Mimi si raia?"

"Kidawa, uko ndani ya Bustani ya Taifa huo. Uache."

"Hauna mwenyewe, Mashavu. Kitu kisicho na mwenyewe ndicho tunachoruhusiwa sisi." Akaifinya ncha kwa ukucha wa dole gumba, akaitupa, akapiga kelele kwa watu wa foleni wasogee mbele.

Mmea ukasimama siku kadhaa, kweli, kama unaofikiri. Kisha ukaanza kutoa matawi kila upande. Mwezi uliofuata ulikuwa kichaka kipana kuliko meza yangu, umejaa maua mekundu yenye ncha nyeupe, mpaka ikabidi tuchote maji kwa upande ili tusiyavunje.

*

Siku ya Shukrani ilifika. Sisi wa Bondeni tulipangwa kando ya njia na ndoo zetu zikiwa zimepinduliwa, maana tuliambiwa ndoo zenye maji zinaonyesha shida. Mtukufu na mgeni wake wakatoka barazani. Mgeni akatazama bustani kwa muda.

"Hizi ni antena?" akauliza kwa adabu.

Waheshimiwa wote wakatazama viatu vyao. Upepo kidogo ukapita, mdahlia wa Jenerali ukavunjika katikati, Jenerali akashika shingo yake. Nikasikia gari la lami likiwashwa. Nilianza kuhesabu wapi nitapata maji kesho, na sikupata.

Mtukufu alishuka kumsindikiza mgeni kwenye geti dogo, anatembea haraka ili aibu iishe upesi. Walipofika bombani mgeni akasimama.

"Aa!" akasema. "Hili sasa ndilo ua."

Mtukufu akakitazama kile kichaka. Akawatazama watu wake. "Huu ni wa nani?"

"Si wa mtu, Mtukufu," alisema Dakta Ngwali.

"Hauna somo?"

"Hauna, Mtukufu."

"Basi ni wangu. Huyu ni somo wangu." Akavua kofia. "Somo, hujambo?" Kisha akamgeukia mgeni na kumwambia kwamba yeye binafsi hapendi kujitokeza, ndiyo maana mdahlia wake umewekwa pembeni, kwa wananchi. Mgeni akapiga makofi. Mtukufu akafurahi hata akainua mkono. "Lami irudi ilikotoka! Bomba la Bondeni libaki! Mimi nikiahidi, nimeahidi."

Tulipiga vigelegele, wallahi, vya kweli. Nililia mbele za watu. Bi Kidawa alinikumbatia, ndoo yake ikanigonga mbavuni na sikusikia maumivu. Nilikwenda nikampa dereva wa lami uji wa bure.

*

Furaha yetu ilidumu mpaka asubuhi yake. Walikuja watu wa usalama kumkagua Somo, na katikati ya kichaka, pale shina linapogawanyika, wakaona kovu. Mtu alikuwa ameondoa ncha. Na kwa kuwa mmea ni somo wa Mtukufu, na afanyiwacho somo amefanyiwa mwenye jina, ilikuwa wazi kwamba Mtukufu ameondolewa kichwa. Bendera zikateremshwa nusu mlingoti. Yeye mwenyewe aliziona akiwa anakunywa chai, akauliza nani amekufa.

Bi Kidawa hakujificha. Dakta Ngwali alimhoji palepale kwenye banda, nami nikaitwa kuleta chai.

"Bibi, nani aliyekufundisha uhaini huu?"

"Wewe, baba. Redioni. Nikuimbie wimbo wake?"

"Mimi nilisema midahlia ya raia!"

"Ulikuwa wa raia. Na hata wa raia haukuwa, ulikuwa wa jalalani."

"Sasa ni wa Mtukufu. Na Mtukufu hakuanza jana kuwa Mtukufu. Siku ulipoufinya, ulimfinya yeye, ila habari ilikuwa haijamfikia." Dakta akainama, akapunguza sauti. "Mama, nisaidie nikusaidie. Sema hukugusa. Sema mmea ulijigawa wenyewe, kwa mapenzi yake kwa watu. Utakwenda nyumbani sasa hivi."

"Nimeufinya mimi, kwa ukucha huu," alisema Bi Kidawa, akauonyesha. "Na ndiyo sababu umechanua. Wewe unajua hivyo kuliko mimi."

Dakta Ngwali hakunitazama nilipomwekea kikombe. Hukumu ikatoka mchana: ukucha wa dole gumba la Bi Kidawa ukakatwa uwanjani, mbele ya bendi ya jeshi, ukapelekwa Jumba la Makumbusho, ukawekwa ndani ya kioo na kibao kilichoandikwa "Silaha." Yeye amekatazwa kukaribia mmea wowote. Sokoni akinunua mchicha anautaja kwa mbali, muuzaji anautia kwenye mfuko mweusi ili asiuone.

Kisha, kwa usalama wa Somo, kichaka kikazungushiwa uzio wa seng'enge. Kwa kuwa mdahlia uko bombani, bomba likawa ndani ya uzio. Kufuli likatiwa, ufunguo ukapelekwa Ikulu. Tulipokwenda kulalamika tukasomewa tamko. Serikali imetimiza ahadi yake. Bomba halikufungwa wala halikuhamishwa, limo palepale, ni mali ya wananchi wa Bondeni, na wananchi wako huru kulitazama wakati wowote.

Sasa tunachota mtoni, nyuma ya kilima. Nikirudi jua limeshapanda, wateja wa uji wameshakwenda kazini na njaa zao. Mgongo unaniuma na roho inaniuma zaidi. Nimejaribu kusimulia kwa upole, kama raia mwema, lakini nina hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka. Kila ofisi ninayoingia wananiuliza, "Kwani mama, bomba halipo?"

*

Uzio ulipewa askari wa kuulinda, anaitwa Khatibu, kijana wa mbali asiye na ndugu mjini. Jua lote ni lake. Mvua hazijanyesha tena na ndoo hazimwagiki tena pale, kwa hiyo Somo alianza kulegea. Dakta alitangaza kwamba Somo anapumzika, lakini majani yalikuwa yakikunjamana mbele ya Khatibu, naye alijua atakayeulizwa ni nani.

Juzi napita na ndoo yangu kutoka mtoni, akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, huna maji ya kunywa hata kidogo?"

"Bomba liko mgongoni kwako."

"Ufunguo uko Ikulu, mama. Nimeomba, wameniambia niandike barua, na mimi siruhusiwi kuondoka hapa kutafuta karatasi."

Nilimtazama midomo ilivyopasuka. Nikachota kikombe, nikampa. Alikunywa kwa pupa. Kisha akabaki ameshika kikombe, anaona haya.

"Na kimoja kwa ajili yake, mama," akasema, akielekeza kidevu kwenye mdahlia. "Akifa huyu, mimi ndiye nimemuua."

Nilikasirika mpaka nikacheka. Lakini mtoto wa mwenzangu nitamfanyaje? Nikampa. Akapitisha mkono kwenye seng'enge akaumwagia, kikombe kimoja tu, udongo ukanywa papo hapo.

Jioni ileile Dakta Ngwali alikuwa redioni, amejaa furaha. Alisema wananchi wa Bondeni, kwa mapenzi yao wenyewe na bila kushurutishwa na yeyote, wameanza kumletea maji somo wa Mtukufu. Serikali imeguswa sana. Ili mapenzi hayo yasiende ovyoovyo, yamepangiwa zamu: kila nyumba, kila siku, ndoo moja iliyojaa. Kwaya ikaimba.

Zamu ya nyumba yangu inaanza kesho. Tangazo linasema ndoo iwe imeoshwa kwanza.